Gunia la mabaki na sufuria ya maganda

Shati la kaka yangu lilikwenda kufuliwa likiwa la manjano, likarudi na mabaka mekundu kama mtu aliyeumwa na siafu. Nililitia rangi mwenyewe kwa unga wa manjano, nikampa zawadi. Naye kwa adabu zake akalivaa, akalichafua, akalifua kwa sabuni ya kipande, na kila sabuni ilipogusa pakageuka rangi ya tofali. Akanipigia simu: "Dada, shati lako linatoka damu."

Nilicheka, kisha nikaona aibu, kisha nikaenda kusoma. Kumbe manjano hubadilika rangi ikikutana na alikali, kinyume cha asidi, na sabuni ya kufulia ni alikali. Ukisuuza kwa maji yenye siki kidogo, wekundu unaondoka na umanjano unarejea. Nikamwelekeza, shati likapona. Wiki mbili baadaye likawa limepauka mabegani, maana alilianika juani, na kwa jua siki haina dawa.

Kabla ya mambo haya nilikuwa mtunza ghala kwa miaka 9. Ghalani hatukuamini macho, tuliamini mizani na daftari. Nilipoanza kutia rangi niliiacha tabia hiyo mlangoni, nikidhani huku ni kwenye sanaa, mtu anakisia tu na kufurahi. Shati la kaka likanirudisha kwenye daftari. Ninayoandika leo yametoka humo, kwenye kurasa zenye madoa mengi kuliko zote: kazi ya gunia moja la mabaki ya vitambaa, tangu lilipofika nyumbani hadi lilipogeuka mfarishi wa viraka ambao mpaka sasa kona yake moja haijaisha.

Gunia lilitoka kwa fundi mmoja mzee anayeshona sare na magauni. Alikuwa akiyachoma hayo mabaki kila mwisho wa wiki. Nilipomwomba anichagulie ya pamba tu, alinitazama juu ya miwani. "Mwanangu, chukua yote au acha yote. Mimi takataka sichambui." Nikachukua yote, kilo 6.3.

Siku hiyo hiyo nilimwomba ruhusa ya kupima kazi moja mezani kwake. Kitambaa cha gauni kilikuwa gramu 720 kabla ya mkasi, na vilivyodondoka chini ya meza vilikuwa gramu 104. Zaidi ya asilimia 14. Na huyu ni fundi mbahili, anayekilaza kiolezo huku na huku mara nne kabla ya kukata. Hizo gramu hazikutoka kwenye uzembe. Shingo ni duara, kwapa ni upinde, kitambaa ni mstatili. Kimono, lile vazi la Japani, ililikwepa tatizo hili zamani sana: kitambaa chake hufumwa chembamba, upana wa kama sentimita 36, na vipande vyote hukatwa kwa mistari iliyonyooka, kwa hiyo karibu hakuna kinachodondoka. Sisi tunaotaka mkono ukae sawasawa begani tunalipia kwa vipembetatu.

Vipembetatu havina lebo. Hakuna anayejua kipande hiki ni pamba au ni kitu gani, na kabla ya kufikiria rangi ni lazima ujue. Nikavuta uzi kutoka kila aina, nikaushika kwa koleo juu ya bakuli la maji, dirisha wazi, nikauwasha. Pamba, kitani na rayoni huungua kama karatasi na kunuka karatasi, na majivu yake ukiyagusa yanapotea. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua, tena moto huelekea kuzimika wenyewe ukiondoa kiberiti. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inatoa moshi mweusi na kuacha kishanga kigumu. Vitambaa vya mchanganyiko vinaungua huku vinayeyuka, na hivyo ndivyo vilivyonichosha, kwa sababu mkononi vinadanganya kabisa kuwa ni pamba.

Nilipomaliza, rundo la poliesta, nailoni na michanganyiko lilikuwa kilo 3.7. Pamba ilikuwa kilo 1.9, rayoni gramu 400, sufu 200, hariri 100. Yaani zaidi ya nusu ya gunia haikuwa na kazi na mimi. Poliesta haishiki rangi za mimea. Ina rangi zake za kiwandani, zinazoingizwa kwa joto kali. Mtu akikuonyesha poliesta aliyoitia rangi ya maganda ya vitunguu, mwombe aifue mara tatu mbele yako.

Sikulirudisha rundo lile kwa fundi, nilijua lingeishia motoni. Nililikatakata vipande vidogo nikaweka kando, na mahali lilipoishia nitapataja.

Pamba nayo, hata ikiwa mpya, ni chafu kuliko inavyoonekana. Ina nta yake ya asili, ina wanga wa kiwandani, ina dawa za kulainisha. Niliichemsha kwa moto mdogo saa nzima na magadi ya kufulia, maji yakatoka ya kahawia kana kwamba nimefua gunia lenyewe. Baadhi ya vipande bado vilikataa. Ukidondoshea tone la maji linakaa juu kama kwenye jani la mgomba. Hivyo ni vitambaa vilivyopakwa dawa ya kuzuia mikunjo, na dawa hiyo haitoki kwa magadi wala kwa maombi. Nikavitoa.

Sasa nifike kwenye ugomvi wangu. Kila unapopita mtandaoni unaambiwa: loweka pamba kwenye chumvi na siki, rangi itashika. Haishiki. Chumvi ina kazi yake kwenye baadhi ya rangi za kiwandani, na asidi inasaidia kwenye sufu na hariri kwa rangi zake maalumu, lakini pamba uliyoiloweka kwenye siki kisha ukaichovya kwenye juisi ya bitiruti utakuwa umeitengenezea kachumbari tu. Kinachohitajika ni modanti, kitu chenye madini kinachoshika uzi kwa mkono mmoja na rangi kwa mkono wa pili. Modanti yangu ya kila siku ni shabu, ile ile iliyozoeleka kwa wanyoaji. Kwa sufu, shabu peke yake inatosha. Pamba ni mvivu, inataka itangulizwe tanini, ule ukakasi wa mimea, ndipo shabu ipate pa kukaa. Tanini unaipata kwenye maganda ya komamanga, kwenye magome, kwenye majani ya chai. Na bitiruti, hata ukiipa modanti, inaondoka. Kabichi ya zambarau vilevile. Rangi zao ni nzuri kwa picha ya dakika tano.

Vipimo vyote vinahesabiwa kwa uzito wa kitambaa kikavu. Hili peke yake lingeniokoa mwaka mzima wa kukisia. Kwa sufuria ya kwanza nilichukua gramu 500 za vipande, vingi vya pamba, na kidogo cha kila aina nyingine ili nione. Maganda makavu ya komamanga gramu 100. Shabu asilimia 15, yaani gramu 75. Maganda ya vitunguu gramu 250, nusu ya uzito wa kitambaa. Maji lita 15, maana kitambaa kikibanana rangi inashika kwa mabaka.

Gramu 250 za maganda ya vitunguu si mchezo. Ganda la kitunguu halina uzito wowote. Nilikusanya ya kwangu miezi miwili nikapata gramu 38. Mwishowe nikamwendea muuza mboga, nikamwomba yale yanayobaki chini ya kreti. Aliniuliza mara mbili kama nimesema vitunguu au maganda. Alinijazia mfuko, na tangu siku hiyo akiniona anainama mwenyewe chini ya meza.

Maganda yalilala kwenye maji usiku kucha. Asubuhi nikayachemsha polepole kama dakika 50, nikachuja, nikaingiza pamba na rayoni zilizokwisha kupitia komamanga na shabu na kulowanishwa. Baada ya saa moja nikazima moto, nikaacha joto lipungue, ndipo nikaingiza sufu na hariri. Hariri ikichemka inapoteza mng'ao, na sufu ikipata joto la ghafla na kukorogwa inajikunyata, inakuwa kitu kingine. Kisha nikafunika sufuria, nikaizungushia blanketi kuukuu mpaka kesho yake. Blanketi hilo ndilo jiko langu la pili. Moto unazimwa mapema, rangi inaendelea kuingia, na kuni au gesi inabaki kwa kazi nyingine. Naomba pia niseme kwa sauti: sufuria ya rangi haipikiwi chakula. Yangu nimeipiga alama ya msumari ubavuni ili mgeni asije akaniivishia kitu humo kwa nia njema.

Nilipofunua nilikaa kimya. Sufuria moja, maji yale yale, na kila uzi ulikuwa umejibu kwa lugha yake. Sufu ilikuwa na rangi ya shaba, nzito, kama birika la zamani. Hariri ilitoka dhahabu. Rayoni ilikunywa sana, chungwa lenye ukahawia. Pamba ilikuwa ya haradali hafifu, lakini pamba ya shati nyembamba na pamba nene ya sare hazikufanana. Nilikuwa nimepanga rangi moja, nikapata saba au nane zilizotoka tumbo moja. Mabaki yale siku ya kwanza yalikuwa watu waliokutana stendi, kila mmoja na safari yake. Sasa yalikuwa na sura ya ukoo. Mimi nilikuwa nikihangaika na mpangilio wa rangi kwenye karatasi, nani akae karibu na nani, na kazi ile ilifanyika yenyewe ndani ya sufuria nikiwa nimelala.

Baadaye niliona kitu kingine. Vipande vilivyokuwa na mshono wa zamani, kwa mfano ukosi ulioharibika, vilikuwa vya haradali kote isipokuwa uzi wa cherehani. Uzi ulibaki mweupe pepe, mshono baada ya mshono. Ni uzi wa poliesta. Mara ya kwanza niliudhika nikataka kuufumua. Sasa nauacha, na kusema kweli nautafuta: unaonyesha kipande kilikuwa nini kabla hakijaja kwangu.

Nusu ya vipande nilivipeleka kwenye maji ya chuma. Salfeti ya chuma, asilimia 2 ya uzito, yaani gramu 5 kwa gramu 250 za kitambaa. Wengine hutumia misumari yenye kutu iliyolazwa kwenye siki, na inafanya kazi, ila huwezi kujua umetia kiasi gani, na chuma hakisamehe. Kikizidi kinaula uzi taratibu, nguo inakuja kuchanika yenyewe baada ya miaka. Kwa gramu 5, mambo yalitokea ndani ya dakika 10: haradali ikageuka kijani cha zeituni, chungwa la rayoni likawa kahawia ya gome la mti, sufu ikawa karibu nyeusi. Unasimama na fimbo yako unaangalia rangi inazama mbele ya macho. Tanini na chuma ndivyo walivyotengenezea wino wa kuandikia kwa karne nyingi, kwa hiyo ukiona vidole vyako vimekuwa vya karani usishangae. Vaa glavu, na poda hiyo iwekwe juu kabisa, mbali na watoto. Chuma kingi kikimezwa na mtoto kinaua.

Naandika hilo kwa sababu nimechoka na neno "asili" likitumika kama cheti cha usafi. Mpaka 1856 karibu nguo zote za dunia zilitiwa rangi za mimea, wadudu, konokono na madini. Mwaka huo kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, akiwa London, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na kemikali za lami ya makaa ya mawe, akapata zambarau badala yake, na kiwanda kikafuata. Nili, ile rangi ya buluu ya mmea, nayo ikapata mwenzake wa maabara sokoni 1897, na mashamba mengi ya nili yakafifia. Watu husimulia kisa hiki kama vile kabla ya Perkin tulikuwa peponi. Watia rangi wa mimea nao walikuja kutumia kromu kama modanti, na kuna aina ya kromu ambayo ni sumu inayosababisha saratani. Shaba, modanti nyingine, inadhuru samaki. Rangi ya asili inayokunywa lita mia za maji na mzigo wa kuni kwa kitambaa kimoja sijui tuiite nini. Ndiyo maana mimi nabaki na shabu na chuma kidogo, maji ya shabu nayatumia tena kwa kuongeza nusu ya kipimo, na maji ya rangi nayatumia mpaka yachoke. Sufuria ile ya vitunguu ilitia rangi gramu 400 nyingine za pamba, ikatoka hafifu, na gramu 300 baada ya hapo, ikatoka rangi ya meno. Rangi ya meno ina kazi yake. Kwenye mfarishi ndiyo iliyopumzisha macho.

Kuhusu nili sina la kujisifia. Nimejaribu mara mbili ile njia iliyoenezwa na Mfaransa Michel Garcia, ya moja-mbili-tatu: sehemu moja ya nili, mbili za chokaa, tatu za sukari ya matunda. Nili haiyeyuki kwenye maji mpaka uinyime hewa ndani ya alikali. Hapo maji yanakuwa ya kijani-manjano, unachovya, unatoa, na kitambaa kinageuka buluu mbele yako kikikutana na hewa. Mara ya kwanza nilikoroga kama mtu anayepiga mayai, nikaiingizia hewa yote niliyopaswa kuizuia. Mara ya pili ilifanya kazi kwa vipande sita halafu ikanuna. Nina vipande sita vya buluu, na vyote vimo kwenye mfarishi, vimetawanywa kwa uchoyo.

Kabla ya kushona nilifanya kile ambacho kingeokoa shati la kaka. Nilikata ukanda mdogo wa kila rangi, nikafunika nusu kwa kadibodi, nikabandika dirishani wiki nne. Ukanda wa manjano niliouweka kwa kisasi ulikufa wiki ya kwanza, upande wa wazi ukawa karibu mweupe. Vitunguu na shabu vilichuja kiasi, unaona mstari lakini huogopi. Vitunguu na chuma havikuonyesha tofauti ya kunisumbua. Nili ilisimama. Kwa hiyo zeituni na buluu zikaenda katikati, mahali ambapo mfarishi unapigwa na mwanga wa dirisha, na haradali zikaenda pembeni.

Kushona kwenyewe nilikuanza vibaya. Nilitaka miraba sawasawa, sentimita 8 kwa 8, kama nilivyoona kwenye picha. Baada ya siku mbili nikapima vilivyodondoka: kutoka gramu 500 za vipande nilivyokata, miraba ilikuwa gramu 340. Karibu theluthi moja imekwenda chini ya meza, na hii ni mabaki! Nilikuwa natengeneza mabaki ya mabaki, kwa heshima ya mraba. Niliacha siku hiyo hiyo. Tangu hapo naanza na kipande kilivyo, natafuta mwenzake mwenye upande unaokaribiana naye, naviunga, nanyoosha ukingo mmoja tu, naendelea mpaka napata ukanda mrefu, kisha kanda zinashonwa pamoja. Kinachonyolewa ni uzi na nywele. Mwangalizi makini ataona kanda hazinyooki. Mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, za kila kipande zinavuta kwake, na pembetatu zilizokatwa mshazari zinatanuka ukizishika vibaya, kwa hiyo kabla ya kuziunga nazipiga pasi bila kuzivuta. Sufu na hariri nilizitoa kabisa, zikaenda kwenye mito miwili, kwa sababu hazifuliki pamoja na pamba.

Na zile kilo 3.7 za poliesta, zile nilizokatakata? Kilo moja na ushei imo ndani ya mfarishi, kati ya uso na mgongo, imetandazwa na kushikizwa kwa mishono ya mkono. Nyingine imejaza mito. Hakuna atakayeiona. Haijawa nyepesi kama pamba ya kujazia, ukilala chini yake unajua umefunikwa. Iliyobaki bado iko kwenye gunia.

Ile kona isiyoisha ni suala la kipande kimoja cha zeituni, cha ukubwa wa kiganja mara mbili. Sikuwa na zeituni ya kutosha, nikajaribu kuipika tena. Mara tatu. Maganda kiasi kile kile, shabu ile ile, chuma gramu kwa gramu, pamba ya sare ile ile kutoka kwa fundi yule yule. Zote tatu zimetoka na ukijivu ambao ya kwanza haikuwa nao. Fundi alipita nyumbani akaiona, akasema, "Weka hata nyekundu, mwanangu, watu walale." Yeye huwa haelewi tatizo liko wapi.

Juzi nilirudia ukurasa wa sufuria ya kwanza, neno kwa neno. Pembeni, kwa penseli, nilikuwa nimeandika: mvua, pipa limejaa. Maji ya siku ile yalikuwa ya mvua. Hizo tatu nyingine zote nimetumia ya bomba, ambayo huacha ukoko mweupe ndani ya birika langu, na madini ya majini yanageuza rangi. Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa kile kilichojaza sufuria.

Maganda gramu 250 yameshapimwa, yako kwenye mfuko nyuma ya mlango. Pipa liko tupu, na mbingu leo ni nyeupe tu.